Meza Iko kwa Fundi, Pesa Zako Ziko Wapi?

Mwezi wa tatu tulichoka kunywa chai tukiwa tumesimama. Timu yetu ya mafunzo kwa wateja ina watu wanane, viti vya plastiki vinane, na kwa muda mrefu meza yetu ilikuwa boksi la printa lililogeuzwa juu chini. Tukachanga, tukapakua picha ya meza nzuri kwenye simu, tukashuka Ngong Road kutafuta fundi.

Kama unaijua Ngong Road, unajua hali ilivyo. Vitanda, makochi na kabati vimepangwa kando ya barabara vikiota jua, na kabla hujafunga mlango wa gari umeshaitwa bosi mara tano. Mafundi watatu wa kwanza walitupa bei hapo hapo. Wa nne alitazama picha kidogo tu, akaturudishia simu.

"Hii ofisi yenu iko gorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Lifti?"

"Iko, lakini ni ndogo."

"Ngazi zina kona? Kona yenyewe ni pana kiasi gani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

"Basi rudini mpime kwanza. Bei tutaongea kesho."

Ukweli ni kwamba tuliudhika. Lakini ndiye tuliyempa kazi, na yaliyofuata ndiyo yametufanya tuandike makala haya. Simu nyingi tunazopokea hapa zinahusu jambo moja: mtu ametuma pesa kwa fundi, fundi hashiki simu, na mteja anatuuliza kama tunaweza kuzirudisha. Mara nyingi jibu letu halimfurahishi. Kwa hivyo safari hii tuliamua kufuatilia pesa zetu wenyewe, kuanzia shilingi ya kwanza.

Tulikubaliana futi saba kwa futi tatu na nusu, urefu wa kwenda juu inchi 30. Fundi alitueleza hesabu yake. Mtu mmoja akila bila kugongana viwiko na jirani anahitaji karibu sentimita 60 za ukingo wa meza. Watatu kila upande na mmoja kila kichwa, hao ni wanane. Kiti cha kawaida huwa inchi 18 kutoka chini, kwa hivyo meza ya inchi 30 inaacha nafasi ya mapaja. Miguu itafungwa kwa bolti ili ifunguke, kwa sababu ya ile kona ya ngazi. Uso uwe wa mahogani, na fremu pia. Saipresi ingekuwa rahisi zaidi, akasema, lakini ni mbao laini, ukiburuta sahani inabaki na alama.

Bei: shilingi 46,000. Malipo ya kwanza: nusu, yaani 23,000.

Hapa ndipo wengi wetu moyo hushtuka. Mbona nusu, na hata msumeno haujashikwa? Tulimuuliza hivyo hivyo. Akacheka, akatuuliza kama tunadhani ana stoo ya mahogani nyuma ya kibanda. Fundi wa kando ya barabara hana stoo. Ana randa, patasi, msumeno, gundi na mikono yake. Mbao hununuliwa yadi, kwa futi, kwa pesa taslimu au kwa simu, baada ya mteja kulipa. Na mbao si mbao ile ya shilingi ishirini. Wanaokumbuka Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, watakumbuka pia jinsi kazi ya useremala ilivyobanwa kwa kukosa malighafi. Tangazo la kuondoa marufuku hiyo lilikuja Julai 2023.

Kwa hivyo malipo ya kwanza, ile arubuni, si zawadi kwa fundi. Ni bei ya mbao zako. Ukishaelewa hilo, swali la kuuliza linabadilika. Badala ya "nitamwamini vipi?" unauliza "mbao zangu ziko wapi?" Hilo ni swali lenye jibu linaloweza kupigwa picha.

Tukatuma 23,000. Siku mbili baadaye picha ikaja: mbao tano ndefu, nyekundu nyekundu, zimeegemezwa ukutani. Sisi hao, furaha tele.

Kisha kimya. Alikuwa ametuahidi wiki tatu. Wiki ya tatu ikaisha. Tukapiga simu, tukasikia ile sauti inayosema mteja hapatikani. Siku ya pili vivyo hivyo. Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake kila siku ni kuwatuliza wateja waliokasirika, ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alitaka tuombe muamala urudishwe siku hiyo hiyo.

Hapo ilibidi tujiambie sisi wenyewe maneno tunayowaambia ninyi. Kurudisha muamala ni kwa ajili ya makosa ya kutuma: umekosea tarakimu moja, pesa zikaenda kwa mtu usiyemjua. Ukigundua mapema na pesa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi nzuri. Lakini pesa ulizotuma kwa mtu uliyemkusudia, kwa kazi mliyokubaliana, hizo si kosa la kutuma. Sisi hatuwezi kukaa kama mahakama na kuamua kama kabati limepinda au kitanda kimechelewa. Na pesa za mbao zikishafika yadi, hazipo tena kwenye simu ya mtu.

Badala ya kuomba muamala urudishwe, tukapanda matatu.

Tulimkuta fundi pale pale. Simu yake ilikuwa imeanguka ndani ya ndoo ya vanishi, na kwa kweli ilinuka vanishi. Mbao zetu tano zilikuwa nyuma, zimelazwa moja juu ya nyingine, na katikati kuna vijiti vidogo ili hewa ipite. "Hizi zilikuja na maji," akasema. "Ningewapigia meza wiki iliyopita, mngeipenda sana, halafu mwezi wa saba mngenipigia simu mkilia."

Tulimwomba aeleze. Mbao mbichi hunywea ikikauka, na hunywea kwa upana zaidi ya urefu. Ukiziunganisha mbao tano kuwa uso wa meza kabla hazijakauka, zitavutana mpaka kitu kipasuke, ama gundi au mbao yenyewe. Hata mbao kavu haiachi kucheza kabisa. Wakati wa mvua hupanuka kidogo, wakati wa kiangazi hunywea. Ndiyo maana matundu ya skrubu chini ya uso wa meza yetu aliyatoboa marefu kidogo badala ya duara, ili uso usogee bila kupasuka. Ukienda kuchagua mbao, alituonyesha, iguse: mbichi ni ya baridi na nzito kuliko unavyotegemea.

Kosa lake lilikuwa moja tu, na tulimwambia: kutokutuarifu. Alikubali. Tangu siku hiyo alitumia simu ya kijana wake.

Tulipokuwa tukiongea, tuliona kitanda kimefunikwa karatasi ya nailoni pembeni. Kirefu ajabu. Tukauliza ni cha nani. Kumbe ni cha mteja mrefu aliyeagiza kitanda cha futi saba na nusu, akalipa shilingi elfu tatu za mwanzo kwa ahadi kwamba atamalizia mwisho wa mwezi. Mwisho wa miezi mingi umepita. Godoro la madukani ni futi sita, hivyo hakuna mpita njia atakayekinunua kitanda hicho. Fundi alitumia pesa zake kununua mbao. Sisi wateja hujiona ndio tunaoibiwa, lakini fanicha ya kuagiza ikitengenezwa kwa kipimo chako, mwenye hasara ukitoroka ni yeye. Sofa ya rangi aliyoichagua mama mmoja kwa kufananisha na pazia zake haiuziki kwa mwingine.

Basi tulichojifunza kuhusu kugawa malipo ni hiki. Sehemu ya kwanza inunue mbao, na ukaribie gharama halisi ya mbao. Sehemu ya pili ilipwe kitu kikiwa kimesimama lakini kiko uchi, kabla ya vanishi. Ya mwisho ilipwe kikiwa nyumbani kwako, kimeungwa na kimejaribiwa.

Tunakazia hapo katikati kwa sababu ndipo wengi hawaendi. Fanicha iliyo uchi haina pa kujificha. Vanishi na rangi hufunika mengi: nyufa, mafundo ya mbao, na viungo visivyoshikana vilivyojazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Nenda mwenyewe. Inama, tazama chini ya meza, si juu. Angalia mguu unapokutana na fremu. Kwetu, fundi alikuwa amechonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, ulimi ukaingia na gundi, bila msumari hata mmoja. Misumari pekee kwenye kiungo cha mguu ni dalili mbaya, italegea. Kama ni kabati, vuta kila droo hadi mwisho na uirudishe. Shika pembe mbili za mkabala na uitikise. Kikilia sasa, kitalia zaidi baadaye. Na kama kuna kitu cha kurekebisha, huu ndio wakati wake, pesa yako ya pili ikiwa bado mfukoni.

Tulikagua, tukaomba kingo zipigwe msasa zaidi, tukalipa 13,000.

Sasa turudi kwenye simu yako, maana kuna mambo yanayotuumiza tukiyaona. Mteja mmoja alitupigia akiwa amelipia kitanda chote, bei kamili, kwa ukurasa mmoja wa picha mtandaoni. Hakuwahi kuona karakana. Alipotuma pesa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu tofauti kabisa na jina la biashara, na akaambiwa "hiyo ni ya mhasibu wetu". Siku iliyofuata ukurasa ulikuwa umetoweka. Tulijaribu, lakini pesa zilikuwa zimetolewa dakika chache baada ya kuingia. Picha za kitanda kile? Alikuja kuziona kwenye kurasa nyingine tatu.

Jina linalotokea kabla hujabonyeza kukubali limewekwa pale kwa sababu. Lisome. Si lazima lifanane na bango la duka, mafundi wengi hutumia nambari zao binafsi, na hilo si wizi. Lakini liwe jina la mtu uliyesimama naye, aliyekwambia "nitumie, utaona jina langu ni hili". Kama ana nambari ya till, tumia hiyo. Malipo yatabaki na kumbukumbu ya biashara, kwako na kwake.

Kabla ya kutuma, mwandikie ujumbe mmoja, hata kwa WhatsApp, na umwombe ajibu "sawa". Wetu ulikuwa hivi: "Fundi, meza futi 7 kwa 3½, juu inchi 30, mahogani yote, miguu ya bolti. Jumla 46,000. Leo 23,000 ya mbao, 13,000 kabla ya vanishi, 10,000 ikifika ofisini. Wiki 3." Hakuna wakili aliyehusika, lakini siku ile tulipokuwa na hasira ujumbe huo ndio ulitupa cha kuongea badala ya kelele. Ujumbe wa uthibitisho wa kila malipo usiufute. Ukiufuta kwa bahati mbaya, taarifa ya akaunti yako bado itauonyesha.

Na kwa mafundi wanaotusoma, tunajua mpo: mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, hajakulipa bado. Ujumbe bandia huandikwa na kutumwa na mtu yeyote. Angalia salio lako wewe mwenyewe. Akikasirika, akasirike.

Meza ilifika Ijumaa mchana juu ya pikapu, wiki mbili baada ya tarehe ya mwanzo. Uso peke yake, miguu minne imefungwa kwa gunia. Vijana wawili waliupandisha ngazi ukiwa umesimama kwa ubavu. Kwenye kona ya gorofa ya pili ulisimama, ukageuzwa, ukapita na nafasi ya kidole kimoja. Fundi alifunga bolti, akaweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni katikati, akaisukuma meza kwa nyonga. Chai haikumwagika.

Tukatuma 10,000 na kumwonyesha skrini yetu. Hakuitazama. Alitoa simu yake mpya, akangoja ilie, akasoma, akaangalia salio, ndipo akatupa mkono.

"Sasa viti?" akauliza, akivitazama vile vya plastiki.

Tumeshapima. Tunachanga.