Faharasa za Hifadhidata na Mofolojia ya Kiswahili: Mfano wa PostgreSQL

Utangulizi

Mtafiti aliyehifadhi tenzi katika tarakilishi hutarajia kwamba akitafuta neno atapata beti zote zinazolihusu. Matarajio hayo huweza kumpotosha. Mwandishi wa makala haya alipotafuta "soma" katika hifadhidata yake alipata beti chache mno, akakaribia kuandika kwamba watunzi hawakuupa usomaji uzito. Kumbe beti zenye "hawakusoma", "wasomaji" na "kimesomwa" zilikuwamo, ila programu haikuzifikia. Makala haya yananuia kueleza chanzo cha kasoro hiyo na jinsi ya kuirekebisha katika PostgreSQL, programu huria iliyochipuka kutokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Chanzo cha Tatizo

Faharasa ya hifadhidata ni kama ile ya mwishoni mwa kitabu: huorodhesha maneno na mahali yanapopatikana, ili kila ukurasa usipekuliwe upya. Kabla ya kuorodhesha, PostgreSQL hukata kila neno kwa kanuni za lugha iliyoteuliwa. Kanuni za Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zimo. Za Kiswahili hazimo. Lugha hiyo huteuliwa hifadhidata inapoanzishwa, kwa kufuata mipangilio ya tarakilishi. Mipangilio ikiwa ya Kiingereza, beti zetu huchambuliwa kwa sarufi ya Kiingereza. "Asome" hukatwa likawa "asom", ilhali "asoma" huachwa lilivyo. Nalo "we", ufupisho wa "wewe" katika ushairi, hutupwa kwa kudhaniwa kuwa kiwakilishi cha Kiingereza. Isitoshe, kanuni hizo hushughulikia miishio ya maneno, ilhali kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na ukanushi mwanzoni.

Marekebisho

Kwanza, mtafiti atumie mpangilio uitwao simple, ambao hauyakati maneno. Faharasa sharti iundwe upya, na utafutaji utumie mpangilio uo huo. La sivyo, faharasa haitatumika. Amri ya EXPLAIN huonyesha njia itakayofuatwa. Ikitoa "Seq Scan", jedwali zima linapekuliwa, jambo ambalo si kosa ikiwa jedwali ni dogo.

Pili, atumie kiendelezi cha pg_trgm, kinachogawa maneno katika vikundi vya herufi tatu tatu. "Hawakusoma" na "kimesomwa" yana kikundi kimoja cha "som". Tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, faharasa ya aina ya GIN iliyoundwa kwa kiendelezi hiki husaidia kutafuta herufi zilizo katikati ya neno. Hata hivyo, anayeiunda PostgreSQL kutokana na msimbo wake kwa amri ya make pekee hukikosa kiendelezi hiki, na CREATE EXTENSION hulalamika kwamba faili haipo. Hakuna haja ya kurudia kazi yote: aingie katika folda ya contrib/pg_trgm, atoe amri ya make kisha make install, ndipo arudie CREATE EXTENSION.

Upungufu

Kutafuta "som" huleta pia "Somalia". Aidha, vitenzi vya silabi moja hukwepa mtego huu: katika "wafe", mzizi ni "f" tu, na herufi moja haiundi kikundi cha tatu. Hapa mtafiti aongeze safu ya pili inayotaja mzizi wa kila kitenzi, kisha safu hiyo iwekewe faharasa. Wazo hilo si geni. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyapanga maneno mengi chini ya mashina yake.

Hitimisho

Ni bayana kwamba kasoro hii ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kimitambo. Msimbo wa programu huria uko wazi, na kanuni za Kiswahili zinaweza kuandikwa. Wenye ujuzi wa viambishi ndio sisi wanafunzi wa lugha hii. Kwa sasa, kabla ya kudai kwamba neno halimo katika utenzi, tutafute kwanza ubeti tunaojua kwamba unalo. Usipopatikana, tusimlaumu mtunzi.