Kompyuta Isiyofunguka: Mafaili Kwanza, Windows Baadaye (Sehemu ya Pili)

Msimu wa kahawa ukishaanza Mbinga, mkoani Ruvuma, kompyuta ya chama cha msingi cha ushirika haina nafasi ya kulala. Ndani yake mna majina ya wakulima, kilo walizoleta, mikopo ya pembejeo na fedha wanazodai. Asubuhi moja inawashwa, feni inazunguka, kisha kioo kinabaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema hakuna diski ya kuanzia. Kwa karani wa Litumbandyosi, hapo ni safari: mashine inafungwa kwenye blanketi na kupelekwa Mbinga mjini, na huko ikishindikana, Songea, kilomita kama 100 mbele. Fundi anaitazama dakika chache na kutoa hukumu iliyozoeleka: "Hii ni ya kupiga Windows," yaani kuisakinisha upya. Jioni kompyuta inawaka vizuri, ila ni tupu.

Hasara hiyo mara nyingi inaepukika. Mfumo endeshi na mafaili ya ofisi vinakaa kwenye diski moja, lakini ni vitu viwili, na cha kwanza kikiharibika si lazima cha pili kiguswe.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilishughulikia chombo chenyewe: chaja, ramu, na diski inayotoa mlio wa kugongagonga, ambayo haifai kuwashwawashwa kwa majaribio. Sasa ni zamu ya programu.

Kitufe kikibonyezwa, wa kwanza kuamka si Windows. Ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mkuu. Hiyo inakagua ramu na kibodi, kisha inatafuta diski yenye maelekezo ya kuanzia. Katika kompyuta za zamani maelekezo hayo huanzia kwenye baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski. Katika mpya yamo kwenye kipande kidogo cha diski, ambacho Windows kwa kawaida hukipa megabaiti 100 tu. Sehemu hiyo ndogo ikivurugika, diski nzima huonekana kama imekufa, ilhali rejista ya wakulima iko palepale ilipokuwa jana.

Mvurugiko huo huletwa sana na umeme. Kabla ya gridi ya Taifa kufika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, mkoa wa Ruvuma ulitegemea zaidi majenereta ya dizeli. Gridi imeleta nafuu kubwa, lakini radi za msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, bado zipo, na umeme ukikatika wakati Windows inajisasisha, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba (UPS) huachwa na mafaili nusu ya zamani, nusu mapya.

Anayedhani kwamba kila kompyuta iliyogoma ni ya kupigwa Windows akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili moja lenye kasoro, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 duniani zikaanguka na kushindwa kufunguka. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha huduma. Dawa ilikuwa nini? Mafundi walipita mashine moja baada ya nyingine, wakaziwasha katika hali salama (Safe Mode), wakafuta faili lile na kuziwasha tena. Hakukuwa na haja ya kufuta diski.

Windows yenyewe ina chumba cha matibabu. Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua ukurasa wa bluu wenye njia za kujirekebisha, na hapo mtu aanze na ukarabati wa kuwasha. Ikishindikana, kuna kuondoa sasisho la mwisho, na kuna hali salama. Fundi anayejua kazi ataingia pia kwenye dirisha la amri na kuandika bcdboot C:\Windows, amri inayoandika upya maelekezo ya kuanzia bila kugusa nyaraka. Ahakikishe kwanza kwamba herufi C ndiyo yenye Windows, maana katika ukurasa huo herufi za diski huweza kubadilika.

Yote hayo yakigoma, bado si wakati wa kufuta. Kuna Ubuntu, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuendesha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Flashi yenye Ubuntu inachomekwa, kompyuta inawashwa huku kitufe cha F12 kikibonyezwabonyezwa (F9 kwa HP nyingi), na flashi inachaguliwa kwenye orodha inayotokea. Ubuntu ikiuliza, jibu ni kujaribu, si kusakinisha. Hapa pasikosewe, kwani kusakinisha kunaweza kufuta diski. Baada ya dakika chache diski ya Windows inaonekana kando ya kioo, na mtu anaifungua kama folda nyingine yoyote. Kama Windows haikuzimwa sawasawa, Ubuntu huenda ikaifungua kwa kusoma tu. Inatosha, kwa sababu kinachotakiwa ni kunakili kwenda kwenye diski ya nje.

Cha kunakili kwanza kimo kwenye folda ya Users, chini ya jina la mtumiaji: Desktop, Documents, Downloads, Pictures. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo programu za hesabu huwaponyoka. Nyingi huhifadhi data zake mahali pengine, kama ProgramData au kwenye folda yake yenyewe ndani ya C. Karani anayejua jina la programu yake amwambie fundi kabla kazi haijaanza.

Kikwazo kimoja ni kufuli la BitLocker, linalokuja likiwa limewashwa kwenye laptopu nyingi za sasa. Bila ufunguo wake wa tarakimu 48, diski haisomeki kwa Windows wala kwa Ubuntu. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza, kwa hiyo nywila ya akaunti hiyo isiwe ya kijana aliyehama ofisi na kuondoka nayo.

Mafaili yakishakuwa salama, kupiga Windows si jambo la kuogopa. Wala kraki, yaani programu ya kukwepa leseni, haihitajiki kwa mashine iliyonunuliwa na Windows halali: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji huweka ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu, na toleo lilelile likirudishwa na intaneti ikipatikana, hujitambua lenyewe. Kraki ni mlango wa virusi, na anayelipia kazi ana haki ya kuikataa.

Si haki kumtupia fundi lawama zote. Analipwa kwa kazi, foleni ni ndefu, na mteja mwenyewe husema "nataka iwake tu." Basi mteja abadili maneno. Aje na diski ya nje mkononi, aorodheshe kwenye karatasi mafaili anayoyataka, na ayafungue mawili matatu kwa macho yake kabla hajaruhusu diski ifutwe. Malipo ya muda huo wa ziada ni madogo kuliko kuwaita wakulima wa kata nzima waje na stakabadhi zao upya.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za ofisi za vijijini hazina sifa za kupokea Windows 11. Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kuziamulia.