Muziki wa Afrika kwa bando la Sh20

Mkazi wa Thika anayetaka kuujua muziki wa Afrika anaweza kuanzia karibu na kwake. Gatanga, anakotoka Daniel Kamau almaarufu DK, ni mwendo mfupi wa matatu. Kangema, alikozaliwa Joseph Kamaru mwaka 1939, si mbali sana kutoka hapo. Nyimbo zao ziko kwenye simu, pamoja na za Franco, Miriam Makeba na Mbaraka Mwinshehe. Tatizo ni kwamba njia za kuzifikia zimekuwa nyingi, kila moja na namna yake ya kukutoa pesa.

Tuanze na data, maana ndiyo inayokula hela kimyakimya. Sauti ya ubora wa kawaida, kilobiti 96 kwa sekunde, hutumia takriban MB 43 kwa saa. Ukipandisha ubora hadi 320, unakula MB 144. Video ya 480p nayo humeza kati ya MB 300 na 500 kwa saa. Sasa chukua lile bando la Safaricom tulilolizoea, Sh20 kwa MB 250: kwa sauti ya kawaida utasikiliza karibu saa sita, kwa video hutamaliza saa moja. Hata hivyo, YouTube ndiko wengi wetu tunakosikilizia. Utaona simu imelazwa kifudifudi kwenye kaunta ya kinyozi, skrini inawaka bila mtu wa kuitazama, kwa sababu YouTube ya bure hunyamaza ukiizima. Kama ni lazima YouTube, shusha video hadi 144p. Picha itakuwa ukungu mtupu, lakini ni nani anayeitazama?

Wanaokwepa data huenda dukani kujaziwa flashi. Hakuna njia rahisi kuliko hii: unatoa flashi, unasema unataka zilizopendwa za Kikuyu na rhumba kidogo, na kabla hujamaliza kuongea na rafiki umeshawekewa mamia ya nyimbo. Kwa gari au kwa biashara inafaa. Kwa mtu anayetaka kuujua muziki, haifai kabisa, na nasema hivyo nikiwa na flashi kama hiyo mkononi. Folda imeandikwa OLD IS GOLD. Ndani mna "Track 14" na "Track 14 (1)", ambazo ni wimbo uleule, halafu mchanganyiko wa saa nzima ambamo DJ anajitaja jina kila gitaa linapoanza kunoga. Hakuna jina la mwimbaji wala mwaka. Kwa mfano, Kamaru alitoa wimbo wa maombolezo baada ya mwanasiasa J.M. Kariuki kuuawa mwaka 1975. Ukiusikia bila kujua hivyo, na hujui Kikuyu, utadhani ni wa mapenzi. Na katika pesa ulizolipa pale dukani, aliyeimba hapati hata ndururu.

Programu za simu zina nafuu yake. Boomplay, iliyotoka kwenye kampuni inayotengeneza Tecno, huja tayari kwenye simu nyingi za aina hiyo, Infinix na Itel. Mdundo, kampuni ya hapa Nairobi, inakuruhusu kupakua MP3 bure. Gharama yake ni tangazo lililopachikwa ndani ya wimbo, utakalolisikia hata data ikiisha. Audiomack nayo inaruhusu kupakua bila malipo, japo kwa baadhi ya nyimbo kuna ukomo. Spotify, iliyofika Kenya mwaka 2021, ina hazina pana zaidi ya muziki wa nje, lakini kupakua ni kwa wanaolipa tu. Wanafunzi wanapunguziwa, kwa hivyo wa chuo cha MKU au JKUAT aulizie hilo kwanza. Kumbuka tu kwamba malipo ya mwezi ni kodi ya nyumba. Mwezi usipolipa, zote ulizopakua zinafungwa.

Tovuti ya Bandcamp inaendeshwa kwa mtindo mwingine. Unasikiliza kwanza, ukipenda unanunua, na faili inakuwa yako milele. Huko ndiko mjukuu wa Kamaru, msanii wa sauti anayejiita KMRU, alikoanza kuzitoa upya kazi za babu yake. Mwaka 2021, miaka mitatu baada ya mzee kufariki, lebo ya Disciples ilitoa mkusanyiko wa Heavy Combination 1966–2007. Albamu nyingi huko ni dola 7 hadi 10, yaani kama Sh900 hadi Sh1,300. Ni pesa, sikatai. Lakini Bandcamp hukata asilimia 15 tu kwa nyimbo za kidijitali, kando na ada ya malipo. Huhitaji benki: kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, unaifungua kwenye simu yako. Angalia sarafu kabla ya kubonyeza, maana lebo za Uingereza huuza kwa pauni, na 7 ya pauni si 7 ya dola.

Cha ajabu, maarifa yenyewe ni ya bure. Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, ilifuatilia historia ya benga mwaka 2008 na ya muziki wa Kikuyu mwaka 2010. Mradi wake wa Singing Wells, pamoja na Abubilla Music ya London, unarekodi ngoma za asili vijijini na kuziweka mtandaoni na maelezo ya nani anapiga nini. Maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini, aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954, ina rekodi alizofanya Kenya mwaka 1950, zikiwemo za wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo uliotokana na santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers. Afropop Worldwide ina vipindi vya redio tangu 1988, kwa Kiingereza, na saa moja ya kipindi ni nyepesi kuliko robo saa ya video.

Mimi ningekuwa na Sh1,000 za mwezi, nisingeanza kwa kulipia programu. Wiki tatu za kwanza ningesikiliza vipindi na rekodi za bure kwa bando dogo, nikiandika majina pembeni. Majina hayo ningeyatafuta Audiomack na Boomplay. Jina moja ambalo limekataa kunitoka kichwani ndilo ningelinunulia albamu Bandcamp, niipakue kwa Wi-Fi ya mtu mwingine.