Kipchoge Hana Uchawi, Wasee: Ni Kulala Mapema, Kuosha Choo na Kurudia Kesho

Hebu nikuulize. Ni mara ngapi umeweka alamu ya saa kumi na moja asubuhi ukisema "kesho naanza mazoezi", alafu ikilia unaizima na kugeukia ukuta? Usione haya. Mimi nimefanya hiyo kitu mara mob. Naanza na moto, nakimbia siku tatu kama nimeiba kuku, siku ya nne magoti zinauma, ya tano nimerudi kwa kitanda na simu.

Alafu tukiona Eliud Kipchoge akishinda tunasema, "Ah, huyo ni talanta." Ama "Ni viatu tu." Maze, kabla useme hivyo, angalia vile huyo jamaa huishi.

Maisha ya kambi

Kwa miaka mingi Kipchoge amefanyia mazoezi Kaptagat, karibu na Eldoret, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Usidhani ni hoteli. Ni kambi ya kawaida na kazi zinafanywa kwa zamu: leo wewe unafagia, kesho mwenzako anaosha choo. Kipchoge, msee mwenye doo ya kuajiri watu, ameosha hizo vyoo kama wengine.

Wiki yake imekuwa ikienda hivi. Jumanne ni uwanjani, mbio za kasi za kurudiarudia. Alhamisi ni mbio ndefu: wiki hii kilomita 30, wiki ijayo 40. Jumamosi ni kubadilisha kasi, dakika kadhaa mbio, kidogo polepole, tena mbio. Hizo siku zingine ni kukimbia polepole, asubuhi na jioni. Katikati ni chai, ugali na kulala. Wikendi anaenda kwa familia yake Eldoret, Jumatatu amerudi. Na kila mazoezi anaandika kwa daftari.

Inaboesha, eeh? Sasa hapo ndio siri iko.

Kwa nini inafanya kazi

Kwanza, mwili haujengwi ukikimbia. Ukikimbia unauchosha na kuuvunja kidogo. Unajengwa ukikula na ukilala. Msee anayefanya mazoezi ya nguvu alafu anakesha mpaka saa nane usiku ni kama fundi anayebomoa ukuta na haleti simiti.

Pili, pumzi hushika haraka kuliko mifupa na kano. Wiki mbili tatu unajiskia fiti, unaongeza kasi, kumbe magoti bado hayajazoea. Ndio maana mimi nilikuwa nalemaa siku ya nne. Sikuwa mvivu, nilikuwa na haraka.

Tatu, siku ya polepole ni ya polepole kweli. Ukienda Kaptagat unaweza shangaa kuona bingwa wa dunia anaanza mbio asubuhi kama mtu anaenda dukani. Anaweka nguvu ya Jumanne. Sisi wa mtaa kila siku tunataka kuonyeshana, mwisho hakuna siku tunakimbia vizuri.

Nne, hakuna kubishana na akili. Kama Alhamisi ni mbio ndefu, haumki ukijiuliza kama unaskia kukimbia. Ni Alhamisi. Unavaa viatu unatoka.

Matokeo yako wazi

Kati ya 2014 na 2019 Kipchoge alishinda marathoni 10 mfululizo, ikiwemo Olimpiki ya Rio 2016. Oktoba 2019, huko Vienna, akamaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa rekodi rasmi. Faith Kipyegon naye, ambaye pia amefunzwa na kocha huyo huyo, Patrick Sang, ameshinda dhahabu ya mita 1,500 kwa Olimpiki tatu mfululizo: Rio, Tokyo na Paris. Na katikati hapo alipata mtoto, akarudi.

Lakini tusidanganyane. Ratiba si kinga. London 2020 Kipchoge alimaliza wa nane. Boston 2023, wa sita. Paris 2024 mwili ulikataa, akaacha mbio baada ya kilomita 30. Siku mbaya inakuja hata kwako ukijipanga vipi. Kazi ya ratiba ni kuhakikisha siku mbaya haigeuki mwaka mbaya. Baada ya ile London, alirudi Kaptagat kwa Jumanne zake na Alhamisi zake. Agosti 2021 akabeba dhahabu ya Olimpiki tena.

Sasa wewe je?

Kipchoge akiwa kijana alimwendea Sang, jirani yao kijijini aliyekuwa ameshinda fedha ya Olimpiki 1992, akamwomba programu ya mazoezi. Akapewa. Akaimaliza, akarudi kuomba ingine. Akarudi tena. Hiyo kurudi ndio ilimtoa, hadi 2003 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18.

Nitakwambia kitu. Nilipoacha chuo karo ikikosa, nilidhani nitamiss masomo. Kumbe nilichomiss ni kengele. Ukiwa mtaani bila kazi ya kudumu, Jumatatu inafanana na Jumamosi, na siku zikifanana unapotea polepole bila kujua. Hakuna mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi.

Kwa hivyo nilinunua daftari. Nimeandika vitu tatu tu: kulala saa nne, kutembea haraka nusu saa asubuhi, kuandika nimefanya. Si mbio, kutembea. Leo ni siku ya kumi na tisa. Siku ya sita na ya kumi na moja nilikosa, na nimeziandika pia.

Magoti iko fiti. Kesho ni ishirini. Wewe daftari yako inaanza lini?