Safari Fupi ya Bahari: Piga Hesabu Kabla ya Kukata Tiketi

Ndugu msomaji, labda wewe hujapata kupanda chombo cha baharini. Wengi wetu tuliozaliwa bara tuko hivyo. Bahari twaijua kwa kusikia, na chumvi yake twaionja katika mboga tu. Lakini siku hizi jamaa nyingi za vijijini zina mtoto au ndugu anayekaa huku Dar es Salaam, Temeke au Kinondoni, na wakija kumtazama hutamani kuiona bahari. Wakiisha kuiona, hutamani kuipanda.

Mimi ni karani wa parokia upande wa Temeke. Kila mwaka baada ya mavuno wageni huniuliza: Je, safari fupi ya chombo yastahili gharama yake? Na hizo kadi na zawadi wanazoahidiwa wasafiri, zina faida ya kweli? Leo nitakujibu kwa kadiri nijuavyo, nikianza na habari ya nyumbani kwangu mwenyewe.

Mwaka mmoja dada yangu mkubwa na shemeji walikuja kutoka Kilosa. Walikuwa wametimiza miaka 25 ya ndoa. Ufuta ulikuwa umewapa fedha kidogo, na shemeji alikuwa amemwahidi dada kwamba siku ya yubilei yao atampeleka Unguja kwa meli. Fedha hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia: mtoto wao wa mwisho alikuwa anaingia sekondari ya bweni mwezi wa Januari, na godoro, sanduku na sare vilikuwa bado kununuliwa.

Siku ya pili shemeji alirudi kutoka mjini akiwa na furaha nyingi. Karibu na bandari alikutana na kijana mmoja wa kupigia abiria debe. Kijana alimwambia hivi: “Mzee, ukikata daraja la juu utaandikwa mteja wa heshima. Utapewa kadi, na safari zote zijazo utapunguziwa nauli.” Shemeji alikuwa tayari kutoa fedha zote. Nilimwomba angoje siku moja, tukae na karatasi na kalamu.

SAFARI ZA NAMNA TATU

Kwanza nilimweleza kwamba huku kwetu safari fupi za bahari si moja. Ziko za namna tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ya kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, ambacho wenyeji hukiita pantoni. Mwaka 2012 nauli ya mtu mmoja ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, na baadhi ya watu waliona imezidi mno. Hata hivyo, kwa mgeni wa bara hakuna mahali pengine anapoweza kuonja bahari kwa fedha ndogo namna hiyo. Safari yenyewe ni dakika chache. Ukiwa katikati ya mlango wa bandari, geuka nyuma. Utaliona soko la samaki la Feri, na ukitazama mbele zaidi, mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya miaka 1897 na 1902. Watoto hufurahi sana. Tangu mwaka 2016 kuna daraja la kwenda Kigamboni, lakini darajani hutasikia sakafu ikicheza chini ya miguu yako.

Ya pili ni ya upande wa Kinondoni. Pale Kunduchi kuna mashua za kwenda kisiwa cha Mbudya, na upande wa Msasani kuna za kwenda Bongoyo. Visiwa hivi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo kuna ada ya kuingia mbali na nauli ya mashua. Ni safari ya mchana mmoja: mnakwenda asubuhi, mnaoga, mnakula samaki, mnarudi jioni. Yawafaa vijana wa kwaya au jumuiya wanaochanga pamoja.

Ya tatu ni ya Unguja. Boti za mwendo wa kasi huchukua saa mbili hivi. Hiyo ndiyo safari yenyewe hasa, kwa maana nchi kavu hupotea machoni, na mtu huelewa kwa mara ya kwanza jinsi dunia ilivyo kubwa. Ukifika, katika mitaa ya Mji Mkongwe utaliona kanisa la Minara Miwili, ambalo nalo ni la Mtakatifu Yosefu. Ndiyo bahari ile ile waliyoivuka mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868 kwenda kuanzisha misioni ya Bagamoyo.

Basi, mtu akiuliza kama safari fupi yafaa, mimi humwuliza kwanza: Unataka nini? Ukitaka kuwaonyesha watoto bahari, pantoni latosha. Ukitaka kupumzika, nenda kisiwani. Ukitaka kuifanya siku moja isisahaulike, nenda Unguja.

HABARI ZA MELI ZA MATEMBEZI

Ziko pia meli kubwa za matembezi za nchi za nje. Katika msimu wao baadhi hufika Dar es Salaam na Unguja, nazo ni kama hoteli inayoelea. Kijana mmoja wa parokia yetu aliyewahi kufanya kazi ya usafi katika meli za namna hiyo alinieleza jinsi wenye meli wanavyowavuta abiria warudi tena na tena.

Tuchukue mfano wa kampuni moja ya Marekani, Royal Caribbean. Chama chao cha wasafiri wa kudumu huitwa Crown & Anchor Society. Hesabu yake ya msingi ni rahisi: kila usiku unaolala melini wapata pointi moja, na aliyekodi chumba kikubwa cha fahari hupata mbili. Ukifikisha pointi 3 waingia daraja la kwanza, la Dhahabu. Lakini daraja la Almasi, ambalo ndani yake ndimo zawadi za maana huanza, kama vinywaji vya kila siku, lahitaji pointi 80.

Ebu tupige hesabu. Wako watu wengi wanaopenda safari fupi ya siku tatu usiku na mchana, kwa mfano kutoka Florida kwenda visiwa vya Bahama na kurudi. Safari moja ni pointi 3. Ili apate 80, mtu huyo atasafiri mara 27! Atakuwa amelipa nauli mara 27, na bakshishi za watumishi mara 27, na vinywaji vyake mwenyewe mara 27, ndipo aanze kupewa kinywaji cha bure. Je, kinywaji hicho ni cha bure kweli?

Sisemi kwamba safari zile fupi hazina faida. Kijana wetu aliniambia kwamba wenye busara huzitumia kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kupakua. Mtu hupima kwanza kama bahari yampatana, kama mke wake hataugua kichefuchefu, kama meli yenyewe ni safi, kabla ya kutoa fedha nyingi kwa safari ya majuma mawili. Mtu wa namna hiyo hapotezi kitu. Anayepoteza ni yule anayesafiri kwa ajili ya pointi.

KADI HUMFAA NANI?

Wahenga walisema: Mcheza kwao hutuzwa. Methali hii ni kweli, lakini mwenye biashara huigeuza kwa werevu: akupa tuzo ili upaone kwake kuwa ni kwenu.

Mimi mwenyewe nilipata kunaswa. Duka moja mtaani lilitoa kadi ya mihuri. Kila ukinunua kitu cha bei fulani wagongewa muhuri, na mihuri kumi yakupa zawadi. Mwezi ule nilinunua sabuni ya kutosha kufua kanzu za watumishi wote wa altare. Nilipofikisha muhuri wa tisa, mwenye duka aliacha mpango ule. Mke wangu hakusema neno. Aliitazama tu ile sabuni. Nilijifunza.

Basi jioni ile nilimwekea shemeji mfano. “Tuseme, shemeji, nauli ya chini ni shilingi 30,000, na ya juu ni 60,000. Ninyi wawili, kwenda na kurudi, ni tiketi nne. Chini ni 120,000, juu ni 240,000. Umezidisha 120,000 ili upate kadi. Haya, tuseme kadi yakupunguzia sehemu moja ya kumi. Katika tiketi ya 60,000 wapata 6,000. Ili zile 120,000 zirudi, wahitaji tiketi 20 nyingine, ndizo safari tano za watu wawili. Na kila safari bado walipa nauli ya juu. Ninyi mwaja pwani mara ngapi?”

Shemeji alifikiri. “Labda mara moja kila miaka mitano.”

“Basi ni miaka 25. Kadi italipa siku ya yubilei yenu ya dhahabu.”

Dada alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Kisha akasema kwa upole, “Baba, mimi sikuomba kadi. Mimi nataka kuiona bahari, nawe ukae karibu nami.”

Msomaji mpenzi, hapo ndipo lilipo jibu lote. Kadi humfaa yule ambaye angesafiri hata kama kadi isingalikuwapo. Mfanyabiashara avukaye kila juma kununua karafuu au kuuza nguo, na achukue kadi yoyote anayopewa bure. Kwake haba na haba itajaza kibaba. Lakini wewe usafiriye mara moja kwa miaka mingi, zawadi yako ni ile safari yenyewe.

Ukiahidiwa zawadi, uliza maneno manne. Je, kadi ni ya bure au nalipia? Je, pointi zina mwisho wa muda? Je, naweza kuzitumia siku za sikukuu, wakati nauli hupanda? Je, mpango huu umeandikwa mahali, au ni maneno ya mdomo tu? Wakishindwa kukujibu, funga mfuko wako. Sheria hii hufaa pia kwa pointi za simu na za maduka.

USALAMA KWANZA

Kuna jambo moja kubwa kuliko zawadi zote. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Katika misiba kadhaa kati ya hiyo, chombo kilikuwa kimejaza watu kupita kipimo chake. Jamaa ngapi zilibaki yatima!

Kwa hiyo, ukiona chombo kimejaa mpaka watu wanabanana njiani, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Nauli iliyopotea hutafutwa tena. Uliza maboya ya kujiokoa yako wapi. Kata tiketi dirishani, si kwa watu wa njiani, nayo iandikwe jina lako mwenyewe. Uchukue na kitambulisho. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huwa na mawimbi makubwa. Kama wewe ni mgeni wa bahari, heri ungoje malelezi, pepo zinapotulia. Kula kidogo kabla ya kupanda, ukae sehemu ya katikati, na utazame mbali.

MWISHO WA HABARI YETU

Shemeji na dada walikata daraja la chini. Walipanda boti ya asubuhi. Dada alitapika mara moja, kisha akasimama nje akishika chuma, akautazama mji wa Dar es Salaam ukizidi kuwa mdogo hadi ukatoweka. Unguja walisali mbele ya altare ya Minara Miwili, wakashukuru kwa miaka 25, wakala urojo barazani, wakanunua karafuu za kuwapa majirani. Jioni walirudi Temeke, nyuso zao zimechomwa na jua.

Fedha iliyosalia ilinunua godoro na sanduku la mtoto. Godoro hilo bado liko bwenini. Nilipokwenda Kilosa Pasaka iliyofuata, shemeji alinionyesha kipande cha tiketi alichokiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

“Hii ndiyo kadi yangu,” akaniambia.

Nawe, ndugu msomaji, ukija kwetu baada ya mavuno, karibu. Njoo na mwenzio, njoo na kalamu. Tutapiga hesabu kwanza, kisha nitawasindikiza bandarini.