Moto, Kutu na Hewa

Mkaa ukiwashwa jikoni huungua na kutoa joto. Kuungua ni kitendo cha kitu kuungana na oksijeni kwa haraka na kutoa joto na mwanga. Oksijeni ni gesi iliyomo hewani. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 21 hivi ni oksijeni.

Jaribio: Simamisha mshumaa mezani, uuwashe, kisha uufunike kwa gilasi. Tazama mwali. Utaona unapungua, halafu unazimika, kwa sababu oksijeni iliyobaki ndani haitoshi.

Chuma nacho huungana na oksijeni, lakini polepole, mahali penye unyevu. Hiyo ndiyo kutu. Jembe likipakwa mafuta, hewa na maji havilifikii.

Mkaa una kaboni nyingi. Ukipata hewa ya kutosha, kaboni huungana na oksijeni na kufanya kabonidayoksaidi. Hewa ikiwa haba, hutokea pia kabonimonoksaidi. Gesi hii ni sumu, na haina rangi wala harufu. Huizuia damu kuchukua oksijeni, hata mtu aliyelala aweza kufa bila kuamka. Kwa hiyo, usilale kamwe katika chumba chenye jiko la mkaa linalowaka, hata kama halitoi moshi.

Maswali
1. Kwa nini mshumaa uliofunikwa ulizimika?
2. Kuungua na kupata kutu vinafanana vipi? Vinatofautiana vipi?
3. Mama mmoja asema, "Jiko hili halina moshi, basi halina hatari." Utamweleza nini?