Swali dogo la baiskeli linalowakwaza watahiniwa wa Kiingereza

MUUGUZI aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika ripoti za wagonjwa kwa lugha hiyo, huenda asitarajie kutatizwa na swali jepesi kama hili: Je, una baiskeli? Hata hivyo, katika chumba cha mtihani wa IELTS, swali la aina hiyo limewahi kuwaacha wengi wakijikuna kichwa.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mnamo Oktoba 2021. Waziri wa Afya wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliokuwa wakitayarishwa kwenda kufanya kazi Uingereza, ni 10 pekee waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Mkataba wa kuwapeleka huko ulikuwa umetiwa saini miezi michache tu kabla ya hapo. Wakenya wengi walishangaa, na baadhi wakacheka. Lakini haikuwa kichekesho kwa mtu aliyelipa ada ya makumi ya maelfu ya shilingi na ambaye familia yake ilikuwa ikisubiri matokeo.

Mtihani wa IELTS una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Baraza linalosimamia wauguzi Uingereza huwataka wanaoutumia mtihani huo kupata alama 7 katika kila sehemu isipokuwa kuandika, ambako 6.5 zinatosha. Alama ya juu kabisa ni 9. Kwa hivyo, mtu aliyefanya vyema kwingine kote anaweza kukwama kwa sababu ya mazungumzo ya dakika 11 hadi 14.

Chanzo kimoja cha tatizo kiko karibu na nyumbani. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina maswali ya stadi za mazungumzo yanayobeba alama 30 kati ya 60. Ajabu ni kwamba maswali hayo hujibiwa kwa kalamu. Mwanafunzi huandika angesema nini na angelitamka neno vipi, kisha hukabidhi karatasi yake. Kwa wengi, siku ya IELTS ndiyo ya kwanza kuketi ana kwa ana na mtahini, huku mazungumzo yakirekodiwa.

Mazungumzo hayo huanza na maswali kuhusu maisha ya kawaida: kazi, nyumbani, chakula, hali ya anga, na baadhi ya nyakati baiskeli. Sehemu hii huchukua dakika nne au tano. Mtahini hatafuti habari. Hajali iwapo mtahiniwa ana baiskeli moja, tano au hana kabisa, wala hatakwenda kuchungulia uani kwake. Anachopima ni mambo manne yenye uzito sawa: mtiririko wa maneno na mawazo, upana wa msamiati, sarufi na matamshi.

Hapa ndipo watahiniwa wanapokosea kwa njia mbili zinazopingana. Wa kwanza hujibu kana kwamba yuko mbele ya karani wa polisi: "Hapana, sina." Kisha hunyamaza. Jibu lake ni la kweli, lakini hakuna cha kupimwa. Wa pili amekariri kama kasuku. Akisikia neno baiskeli tu, humwaga hotuba kuhusu uchafuzi wa mazingira na manufaa ya mazoezi kwa moyo, ilhali ameulizwa iwapo alikuwa na baiskeli utotoni. Watahini wamefunzwa kutambua majibu ya kukaririwa, na hotuba ya namna hiyo humharibia mtu.

Jibu linalofaa huwa na sentensi tatu hivi au nne. Hutoa jibu lenyewe, sababu yake, na jambo moja mahususi kutoka kwa maisha ya anayezungumza. Chukua mtahiniwa asiyemiliki baiskeli. Anaweza kusema kwamba hana kwa sasa kwa kuwa barabara ya kwenda kazini ina malori mengi, lakini alipokuwa mdogo babake alikuwa na Black Mamba nzito ambayo watoto waliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo wa katikati, kwani hawakuweza kufikia kiti. Katika maneno hayo machache, ametumia wakati uliopo na uliopita, ametoa sababu, na ameeleza kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha mazoezi. "Hapana" yake imezaa zaidi ya "ndiyo" ya mwenzake.

Vivyo hivyo kwa swali la iwapo baiskeli zinapendwa anakoishi. Mkazi wa Busia ana utajiri mkononi mwake. Neno boda boda lilizaliwa huko mpakani, ambako waendeshaji baiskeli walikuwa wakivusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Baadaye, pikipiki za bei nafuu zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 2000, jina lilihamia kwazo na baiskeli zikapungua. Ila ni lazima mtahiniwa alieleze neno hilo kwa kifupi anapolitaja mara ya kwanza, la sivyo mgeni atabaki gizani.

Kiswahili nacho huwatega wazungumzaji wake. Mswahili huendesha gari, huendesha baiskeli, na hata huendesha mkutano, vyote kwa kitenzi kimoja. Kiingereza hakikubali. Gari hutumia "drive", baiskeli na pikipiki hutumia "ride". Anayesema kwamba hu-"drive" baiskeli ameonyesha pengo la msamiati katika sentensi ya kwanza. Isitoshe, Kiswahili hakina vijineno "a" na "the", na wengi huviruka wanapozungumza kwa haraka ingawa hawavisahau wanapoandika. Kiswahili pia humtaja mwanamume na mwanamke kwa "yeye" mmoja, na si ajabu kusikia babake mtu akigeuzwa mwanamke katikati ya hadithi ya baiskeli.

Kuna pia matamshi. Lafudhi ya Kikenya si kosa, na anayejitia kuzungumza kwa pua ili asikike Mwingereza hujiongezea mzigo bure. Kinachotakiwa ni kueleweka. Lakini neno "bicycle" lenyewe lina mtego. Mkazo wake uko mwanzoni, na silabi ya pili husikika "si", ilhali katika "motorcycle" silabi hiyo hiyo husikika "sai". Wengi huyatamka yote mawili kwa namna moja.

Mada hii inaweza pia kujitokeza baadaye katika mtihani. Katika sehemu ya pili, mtahiniwa hupewa kadi, dakika moja ya kujitayarisha akiwa na karatasi na kalamu, kisha huzungumza peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Katika ya tatu, maswali hupanda ngazi: je, serikali zijenge njia za baiskeli mijini? Hapa kumbukumbu za utotoni hazitoshi. Hoja inahitajika, na mfano wa hapa nchini unaweza kuibeba. Mtahiniwa wa Nairobi anaweza kutaja kwamba barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu baiskeli, kisha aulize ni nani hasa anayejengewa barabara. Hata asiyekubaliana naye atamwelewa.

Mazoezi yake hayahitaji darasa la bei ghali. Simu yenye kinasa sauti inatosha, pamoja na mwenzako wa kuuliza maswali ambayo hukuyaona mapema. Rekodi isikilizwe mara mbili. Mara ya kwanza, hesabu sekunde za kimya na mara ulizorudia neno lile lile. Mara ya pili, sikiliza "a" na "the" zilizorukwa, "he" na "she" zilizobadilishana, na "drive" iliyojipenyeza mahali pa "ride". Kisha swali lile lile lijibiwe tena siku inayofuata, kwa maneno mengine.